Gari Likifa Ni Mali ya Nani? Habari za Makumbusho ya Uchukuzi

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama wanachama, Kilakala, Morogoro



Katika ukaguzi wa vyama vya wakulima hukutwa mara nyingi jambo moja lisilokuwa na safu yake katika vitabu vya hesabu. Nyuma ya ghala pana mzani wa chuma usiotumika tena. Pembeni mwake pana fremu ya lori lililokufa zamani, magurudumu yamekwisha kung'olewa, na nyasi zimeota mpaka kwenye kiti cha dereva. Ndani ya stoo zimo leja za miaka iliyopita, zimefungwa kwa kamba ya katani. Katika rejista ya mali vitu hivyo vimeandikwa thamani sifuri, au havikuandikwa kabisa. Kisha siku moja hufika mnunuzi wa vyuma chakavu, kamati hukutana kwa muda usiozidi nusu saa, na jioni lori limekwisha kuondoka vipande vipande.

Mazungumzo haya hayakukusudiwa kuilaumu kamati yoyote. Chama cha wakulima huandikishwa ili kiuze mazao na kununua pembejeo, wala masharti yake hayasemi neno juu ya makumbusho. Lakini wako watu, karibu na mbali, ambao siku ile ya mnunuzi wa vyuma chakavu walisema hapana. Yaliyowapata baadaye ni mambo ambayo kila mwanaushirika anayafahamu: nani mwenye mali, nani atalipia utunzaji wake, na wenyewe wakitengana mali inabaki kwa nani.

Habari iliyo karibu zaidi ni ya Nairobi. Mwaka 1971 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilifungua makumbusho ya reli karibu na stesheni kuu ya mji huo. Shirika lilikuwa mali ya nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo kwa makaratasi makumbusho yale yalikuwa ya umma wa nchi zote tatu. Kwa vitendo yalitegemea sana bidii ya mtu mmoja, Fred Jordan, msimamizi wake wa kwanza, aliyekusanya vitu ambavyo karakana na stesheni zilikuwa zikivihesabu kuwa takataka. Hizo zilikuwa siku ambazo injini za dizeli zilikuwa zikichukua kazi ya injini za mvuke. Kila mwezi ulikuwa na chuma chake cha kukatwa, na mtu asiyewahi kuona karakana ya reli hawezi kukisia jinsi kazi hiyo inavyokwenda haraka: injini iliyotumika miaka ishirini na mitano huisha kwa siku chache mbele ya moto wa gesi.

Kitu mashuhuri katika makumbusho hayo ni behewa moja la ukaguzi. Mwezi Juni mwaka 1900, reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa bado haijafika Ziwa Victoria, simba mla watu alikuwa akiwasumbua wafanyakazi katika stesheni ya Kima. Afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliegesha behewa lake pale pamoja na wenzake wawili, wakakubaliana kukesha kwa zamu wamwinde. Ryall alipokuwa katika zamu yake alipitiwa na usingizi. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, mlango ukajifunga nyuma yake, na ndani ya chumba kile kidogo akamkanyaga mmoja aliyelala sakafuni ili amfikie Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa hilo lipo mpaka leo. Watoto wa shule hupelekwa kuliona, na bila shaka wanakumbuka simba kuliko wanavyokumbuka urefu wa reli. Lakini kwa mkaguzi wa mali behewa lile lina somo jingine: ni behewa la kawaida kabisa, la mbao na chuma, ambalo lingeweza kuvunjwa pamoja na mabehewa mengine ya wakati wake. Liliokoka kwa sababu habari yake iliendelea kufahamika. Kitu kisichokuwa na habari iliyoandikwa hakina mtetezi siku ya mnada.

Nje ya jengo zimesimama injini zenyewe. Iko nambari 3020, iliyopewa jina Nyaturu, kwa heshima ya watu wa Singida, iliyotengenezwa Glasgow miaka ya kati ya 1950. Ziko pia mbili za lile kundi la 59, na hapa inafaa kusimama kidogo, maana jambo hili linaihusu Morogoro.

Injini za kundi la 59 zilikuwa 34, nambari 5901 mpaka 5934, zote zimetoka katika kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kuanzia mwaka 1955. Zilikuwa za mtindo wa Garratt, maana yake boila moja kubwa limelala katikati, na mbele yake na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu ya kuendesha ambazo kila moja hugeuka peke yake kwenye kona. Kwa namna hiyo chuma chenye uzito wa takribani tani 250 kiliweza kupita katika reli ya upana wa mita moja bila kuacha njia. Katika reli za upana huo hazikupata kuwako injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda. Zilichoma mafuta mazito, zikafanya kazi hasa ya kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nambari 5926 iliitwa Mount Kimhandu, na Kimhandu ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, kinachozidi mita 2,600. Nambari 5931 iliitwa Uluguru Mountains. Basi katika mwaka ule ule wa 1955, Waluguru walipokuwa wakiyakataa matuta ya lazima na serikali ya kikoloni ikipeleka askari milimani, mafundi wa Manchester walikuwa kazini kutengeneza kundi hilo ambalo mbili kati yake zingebeba majina ya milima hiyo hiyo. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa, na wengi wa wazee waliokuwa wakilima Mgeta na Matombo siku zile waliishi mpaka wakafa bila kujua kwamba mlima wao ulikuwa ukivuta mabehewa Voi na Makindu.

Zilizobaki Nairobi ni mbili, 5918 iliyoitwa Mount Gelai na 5930 iliyoitwa Mount Shengena. Gelai ni mlima wa upande wa Ziwa Natron, Shengena ni kilele cha Upare. Injini ya Uluguru na ile ya Kimhandu zilikatwa. Gelai ilifanyiwa matengenezo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawashwa moto tena, ikatembea njiani kama zamani.

Sasa lije lile swali la mwenye mali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likawa mashirika matatu, kila nchi na lake. Mali za Jumuiya zilizuiwa pale zilipokutwa. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi kwa miaka mingi kupima mali na madeni, mpaka mkataba wa mgawanyo ukatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Ni hesabu iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Lakini asilimia haziwezi kugawa behewa la Kima, wala haziwezi kukata robo ya Nyaturu ikaletwa Singida. Vitu vya makumbusho vilibaki viliposimama. Kenya ikarithi jengo, injini, picha na karatasi, na Tanzania na Uganda zikabaki na mashirika ya reli yasiyokuwa na jumba la kumbukumbu zake. Hakuna aliyeiba. Wakati wa kuanzisha kitu kile hakuna aliyeandika nini kifanyike wenye mali wakiachana.

Wanaushirika wa Tanzania hawana haja ya kwenda Nairobi kulitafuta jambo la namna hii. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, vikaanza upya katika miaka iliyofuata. Katikati ya tarehe hizo mbili maghala yalibadili mikono, malori yalibadili rangi milangoni, leja zikahamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka baadhi zikawa karatasi za kufungia karanga. Anayetaka leo kuandika historia ya usafirishaji wa mazao ya mkoa wowote atapata nambari nyingi za makusanyo, lakini aghalabu hatapata picha hata moja ya lori lililoyabeba.

Iko njia nyingine ya kuanzisha makumbusho, nayo haianzi na shirika la serikali. Mfano wake ulio wazi uko mbali sana, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, lakini kwa desturi zake uko karibu na ushirika kuliko ule wa Nairobi.

Katika miaka ya 1930 miji mingi ya Marekani ilikuwa ikizing'oa reli za tramu, yaani magari ya umeme ya kubeba abiria barabarani, na kuweka mabasi mahali pake. Magari ya tramu yaliuzwa kwa bei ya kuni. Wenye mashamba waliyanunua wakayafanya mabanda ya kuku. Mwaka 1939 kundi la vijana waliopenda magari hayo lilisikia kwamba kampuni ndogo ya miji ya Biddeford na Saco ilikuwa ikifunga njia yake. Wakachangishana, wakanunua gari moja, nambari 31, lililotengenezwa mwaka 1900, lisilokuwa na kuta pembeni, la kupandia wakati wa joto. Bei ilikuwa dola 150. Hawakuwa na mahali pa kuliweka, basi wakapata kipande cha ardhi Kennebunkport, mahali ilipokuwa imepita njia ya tramu iliyokwisha kufungwa, wakaliegesha humo.

Walikuwa na gari moja lisiloweza kwenda popote, shamba lisilokuwa na umeme, na vita vikubwa vilikuwa vinaanza. Mwenye busara angewashauri wauze. Badala yake mwaka 1941 waliandikisha chama kisheria, chenye wanachama, masharti na viongozi wa kuchaguliwa, na gari likawa mali ya chama. Jambo hili dogo la karatasi ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata. Vijana wale wangeweza kugombana, kuoa, kuhamia miji mingine, kwenda vitani na kufa, na baadhi yao yaliwapata hayo, lakini gari halikuwa la mmoja wao hata warithi wake waje kulidai. Baada ya vita wanachama waliongezeka, na kila mji uliofunga tramu zake ulisikia kwamba kuko watu Maine wanaoyapokea magari hayo. Yalikuja kutoka miji ya Marekani, kisha kutoka ng'ambo, likiwamo gari kutoka Glasgow na jingine kutoka Nagasaki, Japani. Leo Makumbusho ya Seashore, kama yanavyoitwa, yana magari zaidi ya 250, na lile la kwanza, nambari 31, limo. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wanachama kwa kujitolea: mstaafu wa benki huja siku za mapumziko kupiga msasa, fundi wa umeme hufunga nyaya.

Isidhaniwe kwamba huko kila kitu kimenyooka. Magari yale ni mengi kuliko mikono, na mengi yanangoja matengenezo kwa miaka. Mbao huoza na chuma hushika kutu, na kila paa jipya linalojengwa lina foleni ya magari ya kuingia chini yake. Kupokea kitu ni kazi ya siku moja. Kukitunza ni gharama ya kila mwaka, nayo haimo katika shangwe ya siku ya kupokea. Chama kinachofikiria kuhifadhi chochote kipige hesabu hiyo kwanza, na kisione haya kukataa zawadi.

Uganda, ambayo kama Tanzania ilitoka mikono mitupu mwaka 1977, imepata makumbusho yake ya reli katika miaka ya karibuni, katika stesheni ya Jinja. Aliyeyaanzisha si serikali peke yake. Asasi ya kiraia inayoshughulikia urithi wa utamaduni, Cross-Cultural Foundation of Uganda, ndiyo iliyoshika kazi hiyo, kwa makubaliano na shirika la reli lenye majengo na mabehewa. Shirika lilikuwa na vyuma, asasi ilikuwa na watu wenye hamu. Nchini Tanzania, katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, yako magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, nayo yanapendwa na wageni. Lakini gari la kiongozi hupata mlinzi kwa urahisi. Lori la mazao ya mkulima halina mlinzi.

Na mkoa wa Morogoro una mengi ya kukumbuka katika uchukuzi. Njia za misafara kutoka Bagamoyo zilipita chini ya milima hii kabla ya reli, na mizigo yote ilikwenda juu ya mabega ya wapagazi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907, na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo hiyo zilipita mbele ya stesheni ya Morogoro maelfu ya kasha za vipande vya meli iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaungwa Kigoma, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na watoto wanaozaliwa sasa Kilakala wataiona reli ya zamani kama wazazi wao walivyoiona njia ya msafara.

Lakini juu ya milima, reli haikupanda hata siku moja. Kutoka Bunduki, Kinole na Matombo, ndizi, mboga na viungo vimeteremka kwa vichwa vya akina mama na mabega ya vijana mpaka penye barabara, na kutoka hapo kwa lori. Tenga na ngata ni vyombo vya uchukuzi sawasawa na injini ya tani 250, na vimebeba mazao kwa miaka mingi kuizidi. Makumbusho yote yaliyotajwa hapa yana upungufu huo: yanapenda chuma. Ngata ya majani ya mgomba haikai miaka mia, kwa hiyo hakuna anayeiwekea kibao. Hata hivyo mama aliyeshuka na mkungu wa ndizi kutoka Kinole alfajiri anaweza kusimulia alipumzika wapi, aliuza kwa nani, na ushuru ulikuwa kiasi gani. Maneno yake yanaweza kuandikwa katika daftari la shule la kurasa arobaini.

Kwa vyama vilivyowakilishwa hapa, hakuna anayependekeza kujenga jumba. Linalowezekana ni dogo na liko ndani ya uwezo wa mkutano mkuu wa kawaida. Chama chenye mzani wa zamani, lori lililokufa au leja za kabla ya 1976 kiviingize vitu hivyo katika rejista ya mali kwa maelezo kamili: vilinunuliwa na nani, vilifanya kazi gani, nani alikuwa dereva na nani utingo. Pakiwa na watu watatu au wanne wenye hamu, mkutano uwape kazi hiyo kwa maandishi, na maandishi hayo yaseme pia vitu vitakwenda wapi chama kikiunganishwa na kingine au kikifutwa. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichokosekana Nairobi, na hakigharimu kitu kukiandika.

Na ikiwa mkutano utaamua kuuza, jambo ambalo ni haki yake na mara nyingine ni lazima, basi mnunuzi asianze na nyundo. Wakusanyaji wa vitu vya reli ng'ambo hununua bamba la jina la injini ya mvuke kwa bei isiyofanana hata kidogo na bei ya chuma chake, maana injini ikishakatwa bamba ndilo linalobaki kuitwa kwa jina. Kabla lori halijapakiwa, mlango wenye jina la chama ufunguliwe kwa spana na kuwekwa ghalani, nambari za injini na chasisi zinakiliwe, ipigwe picha moja ya lori zima na dereva wake wa zamani akiwa amesimama kando yake kama yu hai, na jina lake liandikwe nyuma ya picha kwa kalamu ya wino.